Zumari ya Kiwiko

Mtoto wa pwani amjua mpiga zumari. Siku ya arusi humwona amesimama kati ya wapiga ngoma, mashavu yamemfura, na sauti ya zumari yake yaenda moja kwa moja pasipo kukatika. Mgeni hushangaa, akauliza, "Je, mtu huyu hapumui?" Hupumua, lakini kwa ufundi. Hujaza mashavu yake hewa, na wakati uleule anapoisukuma hewa hiyo ndani ya zumari, huvuta nyingine kwa pua. Hivyo mashavu yake ni kama mfuko mdogo wa kuwekea akiba ya pumzi.

Katika nchi nyingine watu walilifikiri jambo lilo hilo, wakaona kwamba kazi ya mashavu yaweza kufanywa na mfuko wa kweli. Wakatwaa ngozi ya mnyama, wakaishona kama kiriba cha maji, wakatia mianzi ndani yake. Mpigaji hukijaza kiriba hewa, hukikumbatia kwapani, kisha hukibana kwa mkono. Hewa hutoka polepole, na mianzi hulia. Hiyo ndiyo zumari ya kiriba. Iko ya namna nyingi, tangu nchi za Waarabu zilizo kando ya Ghuba hata Ulaya. Somo hili lahusu moja tu, yaani zumari ya watu wa Ayalandi, kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza. Tena lahusu zaidi watu walioipiga, na jinsi ufundi wao ulivyokaribia kupotea duniani.

1. Chombo chenyewe

Waayalandi huiita zumari hii kwa jina lenye maana ya "mianzi ya kiwiko", na jina hilo laifaa sana, kwa kuwa mpigaji hapulizi kwa kinywa hata kidogo. Huketi kitini, kiriba kiko chini ya mkono wake wa kushoto, na chini ya mkono wa kuume amejifungia mvukuto mdogo, mfano wa ule autumiao mhunzi kuwashia makaa. Kiwiko cha kuume hupanda na kushuka, na mvukuto hukijaza kiriba. Kiwiko cha kushoto nacho hukibana kiriba, ili hewa iende kwenye mianzi kwa nguvu ile aitakayo mpigaji.

Kwa nini waliacha kupuliza kwa kinywa? Ndani ya kila mwanzi umo ulimi mdogo wa tete, nao ndio utoao sauti. Pumzi ya mtu ina unyevu, na tete likilowa hubadili sauti yake. Lakini hewa ya mvukuto ni kavu. Kwa sababu hiyo fundi aweza kuuchonga ulimi ukawa mwembamba sana, na sauti yake ikawa laini, ya kufaa kusikilizwa ndani ya nyumba. Tena kinywa cha mpigaji ki wazi, naye aweza kuzungumza na wenziwe huku anapiga.

Mwanzi ulio mkuu ni mwanzi wa wimbo. Una matundu saba mbele, na moja nyuma kwa kidole gumba. Mpigaji akikibana kiriba kwa nguvu zaidi, sauti huruka kutoka daraja ya chini hata daraja ya juu. Pajani hulala mianzi mingine mitatu, nayo huvuma sauti moja isiyobadilika, kama nyuki mzingani. Kisha iko mitatu tena yenye vifuniko vya shaba, ambayo mpigaji huifungua kwa kifundo cha mkono wake wa kuume wakati vidole vyake vingali vinacheza juu ya mwanzi wa wimbo. Basi viwiko viwili, vidole vyote, na kifundo cha mkono, kila kimoja kina kazi yake kwa wakati mmoja. Si ajabu wazee wa Ayalandi kusema kwamba mpiga zumari hukamilika kwa miaka 21: saba ya kujifunza, saba ya kuzoea, na saba ya kupiga.

2. Mitindo miwili

Ili kuifahamu mitindo ya wapigaji, yafaa kwanza kutazama jirani zao, watu wa Uskoti. Zumari ya kiriba ya Uskoti hupulizwa kwa kinywa, na mara nyingi mpigaji hutembea mbele ya askari. Mwanzi wake hauna njia ya kunyamaza. Maadamu kiriba kina hewa, hulia tu. Kwa hiyo sauti mbili zilizo sawa zikifuatana, msikilizaji angezisikia kama sauti moja ndefu. Mskoti huzitenga kwa kutia kati yake sauti nyingine fupi mno, ya kupita kama kupepesa kwa jicho.

Lakini Mwaayalandi ameketi, na ncha ya mwanzi wake yasimama juu ya paja, penye kipande cha ngozi. Akiyaziba matundu yote kwa vidole, na ngozi ikiwa imeziba tundu la chini, sauti hukoma kabisa. Basi yeye ana uwezo ambao mwenziwe hana: aweza kunyamaza. Na kutokana na uwezo huu ilizaliwa mitindo miwili.

Wa kwanza ni mtindo wa kufunga. Mpigaji huyaziba matundu yote baada ya kila sauti, hata kila moja ikasikika peke yake, safi na kavu, kama punje za mahindi ziangukazo katika debe. Bingwa aliyesifiwa kwa mtindo huu ni Patsy Touhey, aliyezaliwa mwaka 1865 katika wilaya ya Galway, akapelekwa Marekani angali mtoto. Huko alipiga katika majumba ya michezo mbele ya watu wengi. Mwaka 1901 alikuwa akiuza nyimbo zake zilizonaswa katika mirija minene ya nta, iliyotumika kabla ya sahani za santuri kuenea. Alikufa mwaka 1923, lakini baadhi ya mirija hiyo iliokoka, na vidole vyake vyaweza kusikika hata leo.

Wa pili ni mtindo wa kuachia. Hapa mpigaji hayazibi matundu yote kila mara. Sauti moja huingia katika nyingine, na wimbo wapita kama maji ya mto juu ya mawe. Mara kwa mara mpigaji huuinua mwanzi kutoka pajani, na sauti ikatoka kwa nguvu zaidi. Mtindo huu ulipendwa sana na wapigaji waliozunguka wakipiga nje, katika magulio na viwanjani, penye vilio vya ng'ombe na kelele za wachuuzi.

Wala asidhani mtu kwamba mtindo mmoja ni wa mafundi na mwingine ni wa wajinga. Wapigaji wengi wakubwa huichanganya yote miwili katika wimbo mmoja, hapa wakifunga, pale wakiachia, kama msemaji hodari ajuaye mahali pa kukaza neno na mahali pa kulilegeza.

3. Njaa na dharau

Zamani wapiga zumari walikuwa wengi katika Ayalandi. Walikuwako hasa vipofu, maana mtoto asiyeona aliweza kufundishwa zumari ikawa ndiyo riziki yake. Lakini tangu mwaka 1845 hata mwaka 1852 viazi vilioza mashambani kwa ugonjwa, navyo vilikuwa ndicho chakula cha maskini. Watu kiasi cha milioni moja walikufa, na wengine milioni moja au zaidi walipanda merikebu wakahama nchi. Kijiji kilichokosa chakula hakikuweza kumtunza mpiga zumari. Wengine walikufa, wengine walihama, na waliobaki walizeeka bila wanafunzi.

Mmoja wao alikuwa Garret Barry, kipofu wa wilaya ya Clare, aliyezaliwa mwaka 1847 katikati ya njaa ile. Alizunguka nyumba kwa nyumba akipiga, na watu walimpenda. Hata hivyo alikufa mwaka 1899 katika nyumba ya maskini, wala hakuacha sauti yake katika santuri yo yote. Nyimbo zake zingalikufa pamoja naye, lakini jirani mmoja, Gilbert Clancy, alikuwa amezishika kichwani. Gilbert hakuwa mpiga zumari, alipiga filimbi. Lakini alizipiga nyimbo za yule kipofu nyumbani kwake, na mwanawe mdogo akasikiliza. Jina la mwana huyo lilikuwa Willie.

4. Johnny Doran, mtu wa njiani

Katika Ayalandi lipo kundi la watu waitwao Wasafiri. Zamani walikaa katika magari ya kukokotwa na farasi, yenye kibanda juu yake, wakaenda mji hata mji wakifua mabati, wakiuza farasi, na kupiga muziki. Wenye mashamba walizitaka kazi zao, lakini mara nyingi waliwadharau wao wenyewe. Mwaka 2017 ndipo serikali ya Ayalandi ilipotangaza kwamba Wasafiri ni kabila lenye mila zake.

Johnny Doran alikuwa Msafiri. Ufundi aliupokea katika ukoo, maana John Cash, mpiga zumari mashuhuri wa karne iliyotangulia, alikuwa mmoja wa wazee wake. Ndugu yake Felix naye alipiga. Doran alizunguka na gari lake, mkewe na watoto wake, na po pote penye gulio, mashindano ya farasi au mchezo wa mpira, aliketi akapiga kwa mtindo wa kuachia. Waswahili husema, "Mcheza kwao hutuzwa." Doran kwao kulikuwa njiani, na tuzo yake ilikuwa sarafu za wapita njia.

Mwaka 1936 alifika karibu na mji mdogo wa Miltown Malbay, katika Clare. Kati ya waliosimama kumsikiliza alikuwa Willie Clancy, kijana wa miaka 17, yule aliyekua akizisikia nyimbo za Garret Barry katika filimbi ya baba yake. Sasa kwa mara ya kwanza alisikia zumari ile iliyozizaa nyimbo hizo. Tangu siku hiyo alimfuata Doran mahali hata mahali, akitazama vidole vyake. Hapakuwa na shule wala kitabu wala ada. Palikuwa na mkubwa aliyekubali kutazamwa, na mdogo aliyekubali kusimama muda mrefu. Mwaka 1938 Willie alipata zumari yake ya kwanza kutoka kwa Felix.

5. Sahani chache za santuri

Wakati huo palikuwapo katika Ayalandi tume ya serikali ya kukusanya hadithi, nyimbo na mila za wazee. Mwaka 1947 rafiki mmoja wa Doran, mpiga fidla, aliona si vema sauti kama ile kuachwa bila kunaswa, akamhimiza aende kwa watu wa tume katika mji mkuu wa Dublin. Doran akaenda, akapiga nyimbo chache, na sauti ikaingia katika sahani za santuri. Kisha akarudi garini kwake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari 1948, gari lake lilikuwa limesimama Dublin karibu na ukuta. Ukuta ule ukaanguka juu ya gari. Doran aliumia vibaya sana, wala hakupona tena. Alikufa mwezi wa Januari mwaka 1950, naye alikuwa hajatimiza miaka 45.

Laiti rafiki yule angalisema, "Tutakwenda mwakani," leo hakuna mtu angalijua jinsi Johnny Doran alivyopiga. Kwa maana mara ile moja ndiyo iliyokuwa ya kwanza na ya mwisho. Waswahili husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sahani zile ndizo daftari ya Doran. Mwaka 1988 nyimbo zake zilitolewa kwa watu wote, na mpaka leo wanafunzi huzisikiliza tena na tena, wakijaribu kujua kidole gani kiliinuka kwanza.

6. Wapigaji wakusanyika

Lakini santuri haiwezi kumsahihisha mwanafunzi akikosea, wala haiwezi kumwonyesha jinsi ya kuchonga ulimi wa tete. Kazi hiyo yataka watu. Katika Dublin, Leo Rowsome alifundisha zumari tangu ujana wake mpaka alipokufa mwaka 1970, na mwenyewe alikuwa fundi wa kuziunda, kama baba yake alivyokuwa. Séamus Ennis alipita katika vijiji akikusanya nyimbo za wazee, naye alikuwa mpigaji mkubwa. Willie Clancy alifanya kazi ya useremala ng'ambo, akarudi kwao Miltown Malbay mwaka 1957 baba yake alipokufa. Nyumba yake ikawa mahali pa kufikia wapigaji wote, wakubwa kwa wadogo.

Hata hivyo hesabu yao ilikuwa ndogo. Yasemekana kufikia mwaka 1968 wapigaji wa zumari ya kiwiko walikuwa hawafiki mia. Mwaka huo walikutana wakaunda chama, wakakiita Na Píobairí Uilleann, maana yake, Wapigaji wa Zumari ya Kiwiko. Hawakutaka chama cha kusifiana. Walijipa kazi tatu: kufundisha vijana kupiga, kufundisha mafundi kuunda zumari na ndimi zake, na kukusanya santuri na maandiko ya zamani yasipotee.

Willie Clancy alikufa mapema mwaka 1973. Rafiki zake hawakumjengea sanamu kwanza. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, walifungua shule katika mji wake, shule ya juma moja tu, wakaiita kwa jina lake. Tangu hapo karibu kila mwaka watu hufika Miltown Malbay kutoka nchi nyingi. Asubuhi mtoto wa miaka 10 aweza kuketi darasani karibu na mzee wa miaka 70, wote wawili wakijifunza kufunga na kuachia. Jioni hupiga pamoja, na ajuaye zaidi humngojea ajuaye kidogo.

Mwaka 2017 shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikalo na elimu, sayansi na utamaduni liliuandika ufundi wa zumari ya kiwiko katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Ufundi uliobebwa na kipofu aliyekufa katika nyumba ya maskini, na mtu wa njiani aliyeangukiwa na ukuta, ukahesabiwa kuwa mali ya dunia.

7. Jambo la kushika

Tazama jinsi ufundi huu ulivyopita mkono kwa mkono. Kipofu alimpa mpiga filimbi. Mpiga filimbi alimpa mwanawe. Msafiri aliyedharauliwa alimwongezea kijana huyo mtindo wa kuachia. Na kijana, alipokwisha kufa, wenziwe waliwapa watu wote. Kama mmoja katika hao angaliuficha ufundi wake, au kama mmoja angaliona haya kujifunza kwa mtu wa chini, mnyororo ungalikatika pale. Zumari ni ngozi na mbao na tete tu. Yaweza kuwekwa kabatini miaka mingi. Lakini upigaji hauna kabati. Hukaa katika vidole vya mtu, na mtu hupita.

MASWALI

1. Mpiga zumari wa pwani apataje kupiga bila sauti kukatika? Kiriba chafananaje na mashavu yake?
2. Eleza kazi ya kiwiko cha kuume na kazi ya kiwiko cha kushoto.
3. Kwa nini hewa ya mvukuto ni bora kwa ulimi wa tete kuliko pumzi ya kinywa?
4. Mpigaji wa Uskoti hutengaje sauti mbili zilizo sawa? Mwaayalandi je?
5. Eleza tofauti ya mtindo wa kufunga na mtindo wa kuachia. Toa mfano wako mwenyewe wa kila mmoja, usiotajwa katika somo.
6. Nyimbo za Garret Barry zilimfikiaje Willie Clancy, naye alizaliwa baada ya Barry kufa?
7. Kwa nini mwaka 1947 ulikuwa mwaka mkubwa katika habari za Johnny Doran?
8. "Mali bila daftari hupotea bila habari." Andika maneno kama mia juu ya methali hii, ukitumia habari za somo hili.

KAZI YA NYUMBANI

Mwulize mzee mmoja wa kwenu ajuaye kupiga zumari, marimba, zeze, au ngoma: Alifundishwa na nani? Naye amemfundisha nani? Andika majina hayo katika daftari yako, moja chini ya jingine. Kama jina la mwisho ni lake mwenyewe, mwombe akufundishe.